The African Queen: riwaya ya 1935 na filamu ya 1951, kwa nini miisho haifanani?

Msomaji_Ujiji

Wakuu, salaam.

Naandaa mjadala wa saa mbili kwa kikundi cha usomaji. Tunalinganisha riwaya ya C. S. Forester, The African Queen (1935), na filamu ya John Huston ya 1951, ile ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi inajulikana: Vita Kuu ya Kwanza imeanza, Rose Sayer, dada wa mmisionari Mwingereza aliyefariki, na fundi Allnutt wanashuka mto Ulanga kwa boti chakavu ya mvuke. Nia yao ni kuizamisha meli ya Wajerumani inayotawala ziwa.

Maswali yangu:

1. Mwisho wa filamu na wa kitabu ni vitu viwili tofauti kabisa. Nini kilisababisha?
2. Je, Rose wa Hepburn ndiye Rose wa Forester?
3. Mambo ya boti, yaani mvuke, shafti iliyopinda na kadhalika, yana ukweli kiasi gani?
4. Ile meli ndiyo MV Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika, au ni maneno ya watu?

Mwenye uzoefu wa kuongoza mjadala wa namna hii anisaidie pia kupanga muda. Natanguliza shukrani.

---

KitabuKwanza

Nianze na mwisho, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani Huston "alinogesha" tu mwisho wa Forester, kumbe alibadilisha hukumu yote ya hadithi.

Kwenye riwaya, Rose na Allnutt wanafika ziwani na mabomu yao mawili waliyoyaunda kwa mitungi ya gesi. Usiku wanatoka kuishambulia Königin Luise, ile meli ya Wajerumani. Dhoruba inapiga, African Queen inazama, na kila kitu walichokitolea jasho safari nzima kinakwenda chini ya maji bila kumgusa Mjerumani hata mmoja. Wanakamatwa. Nahodha wa Kijerumani anaona haya kuwanyonga watu waliochoka namna ile, mmoja wao mwanamke, basi anawapeleka upande wa pili wa ziwa chini ya bendera nyeupe na kuwakabidhi. Huko wanakuta jeshi la majini la Uingereza limeshaleta boti mbili za injini, ambazo Forester anaziita Amélie na Matilde. Boti hizo ndizo zinazoizamisha Königin Luise. Mashujaa wetu hawana mkono katika ushindi ule hata kidogo. Ofisa wa Kiingereza anawaona kama mzigo, anawapangia safari ya kwenda pwani. Rose ndiye anayesema inabidi waoane. Sentensi ya mwisho ya kitabu inasema si rahisi kuamua kama waliishi kwa raha baadaye.

Filamu inachukua vipande vilevile na kuvipanga upya. Dhoruba ipo, boti inapinduka, wanakamatwa. Lakini nahodha wa Louisa (ndivyo filamu inavyoiita) anawahukumu kunyongwa. Allnutt anaomba wafungishwe ndoa kwanza. Nahodha anawaoza palepale sitahani, kisha anaamuru kazi iendelee. Wakati huohuo African Queen, iliyopinduka lakini haijazama kabisa, inaibuka na mabomu yake yakiwa yamechomoza, na Louisa inajigonga nayo. Kishindo. Wanandoa wanaogelea huku wakiimba.

Tofauti kubwa iko kwenye swali hili: juhudi za watu wadogo zina thamani gani ndani ya vita ya wakubwa? Forester anajibu kwamba zina thamani kwao wenyewe tu. Rose amegeuka mtu mwingine, Allnutt naye ameacha uoga, lakini vita haina habari nao. Huston anajibu kwamba zinatosha kuzamisha meli. Ukiwaletea wanakikundi swali hilo hawatatoka na jibu jepesi la "kitabu ni kizuri kuliko filamu".

Zingatia pia nani anayesimulia. Kwa sehemu kubwa ya riwaya tumo kichwani mwa Rose. Karibu na mwisho Forester anamwacha, anahamia kwa nahodha wa Kijerumani, halafu kwa kamanda wa Kiingereza. Wasomaji wengi hulalamika kwamba hapo kitabu "kinapoa". Kinapoa kweli, na ni kwa makusudi: tunawaona Rose na Allnutt kwa macho ya watu wasiowajua, na ghafla wanakuwa wawili wachafu, wagonjwa, wasio na maana. Kamera ya Huston haiwaachi kamwe kwa muda wa kutosha kutufanya tuwaone hivyo.

Tahadhari moja ya vitendo: hakikisheni nyote mna toleo lenye mwisho kamili. Yako matoleo ya mwanzo ya Marekani ambayo mwisho wake ulikatwa, na toleo la 1940 ndilo lililourudisha. Mkiwa na nakala mchanganyiko, nusu ya kikundi itabishana na nusu nyingine juu ya kurasa ambazo hawakuzisoma.

---

Skripti_na_Kamera

Naongezea upande wa uandishi wa filamu, maana swali la 1 na la 2 yanashikana.

Aliyeanza kuandika skripti ni James Agee, mhakiki wa filamu na mwandishi, akishirikiana na Huston mwenyewe. Mwanzoni mwa 1951 Agee alipata ugonjwa wa moyo kabla mwisho haujakamilika. Mwandishi Peter Viertel akaitwa kusaidia, na kazi ya mwisho ikaendelea wakati maandalizi ya kupiga picha Afrika yameshaanza. Kwa hiyo mwisho wa filamu ulipatikana kwa kutafutwa. Mtu akisema waandishi walikuwa nao tangu siku ya kwanza, mrekebishe.

Kulikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni kanuni za maadili za Hollywood, zilizobana filamu za Marekani tangu 1934. Kwenye riwaya Rose na Allnutt wanakuwa wapenzi njiani bila ndoa, na Forester anaandika waziwazi kwamba Rose haoni aibu. Filamu inapitia jambo hilo kwa picha kufifia usiku na chai kitandani asubuhi. Ndoa ya sitahani inaliweka sawa kabla ya watazamaji kurudi nyumbani. Cha pili ni ufundi wa tamthilia: ukishawaonyesha watazamaji bunduki, yaani mabomu yale mawili, kwa muda wa karibu saa moja, huwezi kuyazamisha kimyakimya. Msomaji wa riwaya huvumilia, kwa sababu sauti ya msimulizi inamshika mkono. Mtazamaji hana sauti hiyo.

Sasa Rose. Wa Forester ana miaka 33. Amekaa misheni miaka kumi akimtii kaka yake kama alivyomtii baba yake, na utii wenyewe umemkausha. Nguvu yake inaibuka polepole, na inatokana na mto: anaposhika usukani kwenye maporomoko ndipo anapogundua kwamba anapenda hatari. Hepburn alikuwa na miaka 44 wakati wa kupiga picha, na tangu anapotokea anaonekana mtu mwenye kujiamini. Huston alimshauri amuige Eleanor Roosevelt anapowatembelea askari majeruhi, yaani tabasamu la heshima hata pale moyo unapouma. Ushauri ule uliipa filamu mhusika wa kuchekesha na wa kuheshimika kwa pamoja. Lakini uliondoa kitu: Rose wa filamu haanzi chini kiasi kile, kwa hiyo hapandi mbali kiasi kile.

Allnutt naye amebadilika. Wa riwaya ni Mwingereza wa London wa tabaka la chini, na lafudhi yake ni nusu ya uhusika wake, maana Rose anaisikia na kuidharau kabla ya kumpenda. Bogart hakuimudu lafudhi hiyo, basi filamu ikamfanya Mkanada. Pengo la tabaka likapungua, likabaki pengo la tabia: mlevi mchafu na mcha Mungu nadhifu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko hata ile ya mwisho, ingawa Bogart alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa kazi hii na aliistahili.

Angalieni vilevile mwanzo. Riwaya inaanza kaka yake Rose, Mchungaji Samuel, akiwa tayari mahututi, wanakijiji wameshachukuliwa. Filamu inarudi nyuma: ibada kanisani, kinanda, waumini wanaoimba wimbo wasioujua, kisha chai mezani na tumbo la Allnutt linalonguruma mbele ya watu wastaarabu. Hayo hayamo kitabuni. Yameandikwa kwa sababu kamera haiwezi kusema "kwa miaka kumi Rose aliishi hivi". Lazima ikuonyeshe saa moja ya miaka hiyo kumi. Tumbo lile linafanya kazi ya kurasa kadhaa za Forester kuhusu tabaka na aibu.

Kuna kifaa kingine kidogo kilichobuniwa vizuri sana. Kwenye filamu Allnutt huipiga injini teke kila mara, na Rose anapouliza, anaambiwa kijana mmoja aliangusha bisibisi ndani ya vali ya usalama. Mbona usiitoe? Allnutt anakiri kwamba anapenda kuipiga teke, maana ndiyo mali pekee aliyonayo. Kwa maneno machache umeshamjua mtu mpweke. Huko ndiko kuhamisha riwaya kwenda filamu ninakokupenda: kutafuta kitendo kitakachobeba kile ambacho kitabu kilikibeba kwa mawazo.

---

FundiBoila

Swali la 3 ni langu.

Chombo cha riwaya kina futi 30, kama mita 9. Boila ya kuni katikati, injini karibu nayo, usukani kwenye tezi, yaani nyuma. Forester alielewa jambo moja ambalo waandishi wengi hulikosa, na hadithi nzima imesimama juu yake: usukani hauna nguvu bila maji kuupitia. Boti ikishuka mto kwa mwendo uleule wa maji, ubao wa usukani unaelea tu na chombo kinageuka ubavu, kisha kinapigwa mwambani. Ili kukiongoza kwenye maporomoko ni lazima kiende kasi *kuliko* mkondo. Maana yake injini isizimike hata dakika moja, mahali ambapo kila silika inakuambia upunguze mwendo.

Sasa tazama matokeo yake. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili. Mmoja anatia kuni, anatazama kipimo cha mvuke na kiwango cha maji kwenye boila. Mwingine yuko tezini na usukani. Wa injini haoni mbele, wa usukani hawezi kuongeza mvuke. Kila mmoja ameuweka uhai wake mkononi mwa mwenzake. Mapenzi yao yanaanzia hapo, kwenye mpangilio wa mitambo. Filamu imelitunza hili vizuri: ukitazama maporomoko, angalia jinsi Hepburn anavyokaa nyuma na Bogart anavyoinama katikati bila kugeuka.

Boila ile inakula kuni nyingi, kwa hiyo riwaya inahesabu siku kwa kuni: kusimama, kukata, kupakia, kuondoka. Filamu imeyakata karibu yote hayo. Sioni kosa, kwa sababu kurasa ishirini za kukata kuni zinajenga uchovu, ila dakika tano za kukata kuni zinampoteza mtazamaji.

Shafti. Chombo kinagonga mwamba, shafti (mhimili unaozungusha rafadha) inapinda na rafadha (pangaboi la chini ya tezi) inavunjika bawa moja. Riwaya inalitumia tukio hili kama sura nzima ya kazi: kuchomoa chini ya maji, kutoa nchi kavu, kuwasha moto, kunyoosha shafti kidogokidogo, kutengeneza bawa jipya na kuliunga. Wazo la kuunga bawa linatoka kwa Rose, asiyejua kama jambo hilo linawezekana, na Allnutt analikataa kwanza kwa sababu yeye anajua ugumu wake.

Je, inawezekana? Ndiyo, kwa masharti. Kuunga chuma kwa chuma kwa kufua (kukipiga nyundo kikiwa moto) kunataka joto la nyuzi 1,200 na zaidi, chuma kikiwa cheupe kwa moto. Moto wa kuni wa wazi haufiki hapo. Unahitaji makaa na mivukuto, na ndiyo maana vyote viwili, kitabu na filamu, vinaonyesha upepo ukipulizwa. Uso wa chuma ukiwa na kutu au jivu, kiungo hakishiki. Kinaonekana kizima halafu kinaachia mara ya kwanza kinapobeba nguvu. Na rafadha yenyewe lazima iwe ya chuma. Ya shaba nyeusi huwezi kuifua hivyo.

Kazi ngumu kuliko zote ni uwiano. Bawa jipya likizidi uzito hata kidogo, shafti inatetemeka, mtetemo unakula beringi zinazoishika, na maji yanaanza kuingia pale shafti inapotokea kwenye mwili wa chombo. Fundi wa kweli baada ya kuunga angeipima rafadha kwa kuitundika kwenye fimbo nyembamba iliyolazwa, aone bawa lipi linashuka, kisha alipunguze kwa tupa. Filamu inaimaliza kazi yote kwa dakika chache na kicheko. Hapo kitabu kinaishinda filamu bila ubishi, kwa sababu subira ya kazi ile ndiyo inayomfanya Allnutt ajione fundi tena badala ya mlevi.

Kuhusu kuzama: filamu imejieleza vema. Omo (mbele) ya chombo imetobolewa matundu mawili ili mabomu yachomoze karibu na usawa wa maji. Mto ukiwa shwari hakuna tatizo. Ziwani, mawimbi yakija kwa mbele, matundu yale yanakunywa maji. Chombo kifupi, boila nzito katikati, maji yanayokimbia ngamani (chini, ndani ya chombo): kikiinama upande mmoja maji yote yanakwenda upande huohuo, na hakirudi. Silaha yao ndiyo iliyowazamisha.

---

Mwana_wa_Mwambao_wa_Ziwa

Namba 4. Jibu fupi: Königin Luise ni meli ya kubuni, lakini aliyeichochea ni Graf von Götzen, na Graf von Götzen ndiyo Liemba. Hayo si maneno ya watu.

Jibu refu kidogo, kwa sababu historia inakupa mwisho wa tatu wa kuweka mezani.

Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapakiwa reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Tarehe hiyo ni muhimu kwenu: filamu inaanza Septemba 1914 na meli kubwa tayari iko ziwani. Kwa kweli wakati ule aliyetawala ziwa alikuwa Hedwig von Wissmann, meli ndogo zaidi.

Boti mbili za Waingereza nazo ni za kweli. Zilikuwa Mimi na Toutou, zikiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson. Zilipelekwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kwa kuvutwa porini na kwa mto kupitia Kongo hadi ziwani mwaka 1915. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi pamoja na Kingani hiyo iliyotekwa zikaizamisha Hedwig. Lakini Götzen ilipojitokeza Spicer-Simson hakuishambulia. Kwa hiyo Forester alipoandika kwamba boti mbili za Kiingereza zinaizamisha meli kubwa, alikuwa amechukua ushindi dhidi ya Hedwig na kuuhamishia kwa Götzen.

Götzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma, tarehe 26 Julai 1916, walipokuwa wakirudi nyuma. Mafundi walipaka injini mafuta mazito kabla ya kuizamisha. Ndiyo maana Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu kwa vizazi.

Kwa hiyo: riwaya inasema ilizamishwa na jeshi, filamu inasema ilizamishwa na wapenzi wawili, na historia inasema ilizamishwa na mafundi wake, ambao waliitunza wakati wanaizamisha.

Jambo la jiografia, hasa kama kuna watu wa Ifakara au Mahenge kwenye kikundi. Ulanga wa kweli hauendi ziwani kabisa. Ulanga, au Kilombero, unaungana na Luwegu na kuwa Rufiji, na Rufiji inamwaga Bahari ya Hindi. Forester aliazima jina akalipachika kwenye mto wa kubuni unaoitwa Bora ukifika chini, na ziwa lake akaliita Wittelsbach. Anayetaka mto halisi unaoingia Tanganyika kutoka upande wetu afikirie Malagarasi. Filamu nayo haikupigwa Tanganyika. Mto ni Ruiki, karibu na Biondo, kwenye Kongo ya Wabelgiji wa wakati ule, na sehemu nyingine ni Uganda: Butiaba kwenye Ziwa Albert, na maporomoko ya Murchison. Boti yenyewe ilijengwa Uingereza mwaka 1912 na ikafanya kazi Ziwa Albert. Sasa iko Key Largo, Florida.

---

Msomaji_Ujiji

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Sikujua kwamba tarehe za Götzen hazilingani na filamu.

Kuna mwanakikundi anashikilia kwamba kuchomwa kwa kijiji na askari, mwanzoni mwa filamu, kumetoka kitabuni. Mimi sikukuona. Na je, hoja kwamba Waafrika hawana sauti humo ndani tuipe muda, au itameza mjadala wote?

---

BintiKariakoo

Hakumo kitabuni. Kitabuni jenerali wa Kijerumani, von Hanneken, amekwisha kuwachukua wanakijiji wote kuwa wapagazi na askari, pamoja na chakula na mifugo, na misheni imebaki tupu. Samuel anakufa kwa homa na kuvunjika moyo. Filamu inageuza kuondoka kule kuwa moto: nyumba zinateketezwa mbele ya macho yetu, mchungaji anapigwa kitako cha bunduki, kisha anachanganyikiwa na kufa. Ni tatizo lilelile alilolitaja Skripti_na_Kamera. Kijiji kitupu ni ukimya, na ukimya ni mgumu kuupiga picha, basi wakaweka moto.

Hoja yako ipewe muda, na usiiogope. Ila mfundishe mtu kuilinganisha badala ya kuitangaza tu. Uliza: kitabu kinawapeleka wapi wale watu? Kinawataja kwenye kurasa za kwanza, kinaeleza kwa usahihi kwamba vita iliwabeba, halafu hakiwaulizii tena hata mara moja. Mamia wamechukuliwa, na sisi tunawafuata Wazungu wawili. Filamu inawaonyesha kwa muda mrefu zaidi, nyuso zao zinajaa skrini kanisani, lakini inawapa wimbo wasioujua na moto wa kukimbia. Kitabu kinajua zaidi, filamu inaonyesha zaidi, na vyote viwili havina mtu mwenye jina.

Kwa msomaji wa hapa kwetu kuna neno linalofungua mlango huo mara moja: Kariakoo. Jina hilo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza, waliopiga kambi pale Dar es Salaam baada ya kuiteka mwaka 1916. Pande zote mbili ziliendesha vita ile juu ya vichwa vya watu, maana malori yalikuwa machache na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Msomeeni kikundi ukurasa wa kwanza wa Forester, halafu tamkeni neno hilo. Hapo hamtahitaji nadharia.

---

Skripti_na_Kamera

Nakubaliana na Bi BintiKariakoo, na narudi kwa jambo moja nililolisahau: matete.

Karibu na mwisho wa mto, boti inakwama kwenye matete. Wote wawili wana homa. Ndiyo sehemu ya ruba, na ya Bogart kuivuta boti kwa kamba akiwa majini. (Sehemu kubwa ya picha za ndani ya maji zilipigwa kwenye matangi London, kwa kuwa maji ya mito ile yana kichocho na mamba.) Riwaya inawatoa hapo kwa nguvu za mikono yao, tawi kwa tawi, wakivuta kwa ndoana. Filamu inafanya jambo ambalo riwaya haiwezi: Rose anasali akitarajia kifo, kamera inapanda juu polepole, na sisi tunaona ziwa liko mita chache mbele yao. Wao hawaoni. Kisha mvua inanyesha, mto unajaa, boti inaelea yenyewe.

Kwa riwaya iliyofungwa kichwani mwa Rose, huwezi kumwambia msomaji asichokijua Rose bila kuvunja mkataba. Kamera haina mkataba huo. Lakini hapohapo wokovu umehama kutoka mikononi mwao kwenda mbinguni. Mkishaliona hilo, mwisho wa filamu hauwashangazi tena. Boti iliyoelea yenyewe kwa mvua ndiyo inayojipeleka yenyewe kwenye ubavu wa Louisa. Waandishi walitayarisha bahati ya mwisho kwa bahati ya kwanza.

---

KitabuKwanza

Kuhusu kupanga saa mbili. Filamu nzima ni dakika 105, kwa hiyo msiitazame siku ya mjadala. Kila mtu aitazame nyumbani *baada* ya kumaliza kitabu. Ukianza na filamu, Bogart na Hepburn watakaa kichwani na hutamwona tena Allnutt mdogo wa London. Kosa hilo halirekebishiki.

Siku yenyewe chagua vipande vitatu tu, na kwa kila kimoja soma kurasa kwanza kwa sauti, kisha onyesha filamu, kisha mjadili:

Mwanzo, yaani kijiji. Dakika 30, pamoja na hoja ya wapagazi. Usiizidishe, na pia usiiweke mwisho kama kiporo.

Shafti na rafadha, dakika 20. Mpe mtu anayejua ufundi aeleze alichoandika FundiBoila, maana walimu wa fasihi huruka hapa na kupoteza moyo wa kitabu.

Kuanzia dhoruba hadi mwisho, dakika 50. Gawa karatasi yenye safu tatu: riwaya, filamu, historia. Safu ya tatu ijazwe na tarehe alizozitoa Mwana_wa_Mwambao. Kila mmoja aandike nani kaizamisha meli na nani kanufaika, kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Ukiwaacha waanze kuzungumza kwanza, wawili wenye sauti kubwa watawaamulia wengine.

Dakika 20 zinazobaki acha wazi. Zitajaa zenyewe kwa suala la ndoa: kitabuni Rose anaitaka baada ya vita yao kushindwa, kwenye filamu Allnutt anaiomba kabla ya kitanzi. Anayetaka kujua kama waliishi kwa raha atapata jibu moja kwa Huston na jingine kwa Forester, na nakuahidi hamtamaliza kwa wakati.

---

Msomaji_Ujiji

Nimeshachapa karatasi ya safu tatu. Safu ya historia nimeweka picha ya Liemba ikiwa gatini Kigoma. Asanteni sana wakuu.